Jirani wa kwenye ndege usimwambie unaenda kucheza poka

Nianzie mwisho ili tusisumbuane: sikushinda kitu. Nilikwenda Las Vegas mwezi wa sita, msimu wa yale mashindano makubwa ya poka yaliyoanza mwaka 1970. Lile shindano kuu kiingilio chake ni dola 10,000, na duka langu la pembejeo pale Uyole halijafika huko, kwa hiyo niliingia kwenye kadogo ka pembeni. Siku ya pili nikatolewa.

Kwa hiyo ushauri wa karata sina. Ninao wa safari, hasa wa mtu anayekaa kiti cha pembeni. Kutoka Songwe mpaka Los Angeles nilipata majirani wanne, na wote wanne niliwaambia ukweli ninakokwenda.

Kabla sijafika kwao: ondoka Mbeya siku moja kabla. Ukungu wa Songwe hauna haraka, na tiketi yako ya Dar kwenda Doha haitausubiri. Nimewahi kukaa pale tunaisikia ndege juu hatuioni, ikazunguka weee, halafu ikarudi Dar na watu wake.

Jirani wa kwanza, Songwe kwenda Dar, alikuwa kijana mwenye simu mbili. Kusikia poka macho yakamwaka. "Kaka, kumbe na wewe unabeti!" Nikamwambia huu siyo mkeka. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, tano zinawekwa mezani za wote, na unashindana na watu waliokaa nawe. Kasino haichezi, inakata fungu lake tu. Kwa hiyo unaweza kushinda na karata mbovu, mradi mwenzako aamini ni nzuri. Alinisikiliza kwa adabu, anaitikia kwa kichwa, mpaka nadhani tulikuwa juu ya Iringa. Kisha akasema, "Sawa kaka, nimekuelewa. Sasa Jumamosi nimpe nani?"

Wa pili, Dar kwenda Doha, mfanyabiashara wa Kariakoo anayeelekea Guangzhou. Huyu hakuuliza habari za mchezo. Alifungua kikokotoo, akataka nauli, viza, hoteli, kiingilio, chakula, nami kama mjinga nikawa namtajia. Akanigeuzia simu nione jumla. "Hapo," akasema, "tungekuwa tunaongea habari za ndala." Halafu swali ambalo ningepaswa kujiuliza mwenyewe kabla ya kukata tiketi: ukishinda, serikali yao inachukua ngapi? Sikuwa najua. Ni asilimia 30 kwa mgeni, inakatwa palepale, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kukupunguzia. Mpigie hesabu hizo mkeo mkiwa bado nyumbani, siyo mtu wa Kariakoo mkiwa angani.

Doha hadi Los Angeles ni kama saa 16. Hapo nilikaa katikati. Kushoto Mmarekani wa Texas, ambako ndiko aina ya poka tunayoicheza ilikopata jina lake. Kulia mama mmoja wa Tukuyu, anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Nilipomwamkia shikamoo na kumwambia natoka Uyole alinishika mkono kana kwamba tumekutana jangwani.

Mtexas alipojua ninakokwenda, akaanza. Sauti chini, macho kwenye kiti cha mbele. Mama akanivuta kiwiko.

"Mwanangu, huyu amefiwa?"

"Hapana mama. Alikuwa na ree mbili, akafungwa na mwenye tisa mbili."

"Lini?"

"Mwaka 2011."

Akatafakari. "Mpe pole." Nikampa. Akanisimulia tena, mara hii na rangi za karata zenyewe, kopa na shupaza. Na wewe utakuwa na hadithi kama hiyo, kila mchezaji anayo. Ree mbili zikikutana na jozi ndogo hushinda takriban mara nne kati ya tano. Ile ya tano lazima imwangukie mtu. Kaa nayo moyoni. Jirani yako hana pa kukimbilia, mlango umefungwa.

Mama naye alitaka kujua mimi nakwenda kufanya nini huko kwa wajukuu wa watu. Nikamwambia. Akafumba macho, akaniombea kwa sauti, dua ndefu, na ndani yake nikasikia "huyu kijana anayepotea". Mhudumu aliyekuwa anapita na kigari cha vinywaji alisimama mpaka amina.

Lakini saa 16 ni nyingi. Baada ya kulala na kuamka mara mbili ndiye yeye aliyesema nimwonyeshe. Nikatoa karata, tukagawana vipakiti vya sukari vya chai, kumi kumi, juu ya kimeza. Ameuza ndizi Mwanjelwa miaka mingi huyu. Mchezo aliuelewa upesi kuliko nilivyopenda, ila kila nikipandisha dau anatupa karata zake.

"Mama, utashindaje hivyo?"

"Nitoe sukari yangu kwa ajili ya kuona karata za mtu? Za nini?"

Baada ya kama nusu saa akaacha kutupa. Akaanza kunilipa, yaani kuweka sukari sawa na yangu ili tufunue karata, tena pale tu nilipokuwa nadanganya. Nikiwa na 2 na 7 za rangi tofauti, ananilipa. Nikiwa na jozi ya maana, anatupa. Sukari yangu ikaisha. Nikamuuliza amejuaje.

"Ukishika mbaya unaniita mama. 'Mama, naongeza mbili. Mama, unaona?' Ukishika nzuri huniiti chochote."

Nimesoma makala za poka usiku kucha, nimelipia mpaka mafunzo ya mtandaoni, na hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Kwa hiyo nikikuambia usimwambie jirani, elewa kwamba mimi mwenyewe ningemwambia huyu tena. Wale wengine watatu hapana. Waambie unakwenda kutembea.

Afisa wa uhamiaji ndiye wa kuambiwa ukweli, tena kwa sentensi moja. Fedha taslimu zikizidi dola 10,000 unazitamka. Kuzibeba siyo kosa, kuzificha ndiyo kosa. Na usiku wa kwanza usicheze. Tofauti ni saa 10: saa mbili ya usiku Las Vegas, mwili wako uko Uyole saa kumi na mbili asubuhi na unadai uji. Sweta la baridi la mwezi wa sita livue kwenye ndege, utanishukuru.

Chakula pia kinatamkwa. Ukisema unacho, watakitazama, kisichoruhusiwa kitabaki pale, unaendelea na safari. Hilo nilimweleza mama kabla hatujatua, naye akasema hana kitu, nguo za mtoto tu. Uso mkavu kabisa. Nikamwamini.

Pale kwenye mizigo Los Angeles kuna vijimbwa vidogo vyenye masikio marefu, vinapita vinanusa. Kimoja kikafika kwenye begi la mama, kikakaa chini. Hakikubweka. Kilikaa tu, kinamtazama. Afisa akauliza kama kuna chakula, akanigeukia mimi nitafsiri.

Mama akavuta kitenge begani, akamtazama yule afisa, kijana wa miaka ishirini na kitu.

"Baba yangu," akaanza, "mwanangu mzuri..."

Maparachichi manne, yamefungwa kwenye kanga. Nilimtafsiria yote aliyosema, isipokuwa hayo maneno ya mwanzo.