Huyu simba mweusi ni wa ukoo gani?

SWALI: Mzee wetu wa maswali, salamu kutoka Jinja. Kuna muuza mitumba Kampala ananiuzia kitambaa kikubwa kizito cha kutundika ukutani, kina ngao ya manjano na simba mweusi amesimama kwa miguu ya nyuma, maua yamezagaa kote. Ati kilifumwa Flanders, eneo la Ubelgiji ya leo, miaka mia tano iliyopita na ni cha familia ya mfalme wa Ubelgiji. Anataka laki nane. Nilipe?

JIBU: Dada, funga pochi kwanza. Huyo simba mweusi ni nembo ya Flanders yenyewe, ya watawala wake waliokuwa na cheo cha kaunti (count), halafu 1384 Philip the Bold, mtawala wa Burgundy iliyo Ufaransa ya leo, akaipata Flanders kupitia mkewe Margaret na simba akaingia kwenye ngao ya ukoo wake pia. Kwa hiyo simba peke yake hakutajii mwenye kitambaa. Ni sawa na mtu kukwambia yeye ni wa Mmamba kule Buganda, umejua ukoo lakini bado hujajua nyumba ya nani. Ngao ikigawanywa sehemu sehemu zenye nembo tofauti, hapo ndo unaanza kusoma ndoa na urithi. Na Ubelgiji ni nchi ya juzi tu, 1830, tena simba wake ni wa dhahabu juu ya weusi, yule wa Brabant, eneo jingine la huko, kinyume kabisa na wako, yaani huyo jamaa hata stori hajaipanga vizuri.

Cha kweli cha maua na ngao kipo Bern, Uswisi. Philip the Good, mjukuu wa yule Philip the Bold, alikiagiza Brussels, fundi Jean de Haze akalipwa 1466, sufu na hariri na nyuzi za dhahabu na fedha (hebu fikiria bei), kisha mwanawe Charles akapigwa vitani na Waswisi 1476, wakabeba vitu vyake kama nyara.

Chako kigeuze nyuma. Kilichofumwa kwa mkono, nyuma unaona picha ileile imegeuka, na ncha za nyuzi zinaning'inia ovyo. Cha mashine nyuzi zinapita nyuma mistari mistari. Angalia pindo pia, maana kuanzia 1528 vya Brussels vilitakiwa viwe na ngao nyekundu katikati ya B mbili, ingawa cha kabla ya hapo hakina na pindo nyingi zilishakatwa. Kikiwa cha mashine na umekipenda kwa sebule, mpe elfu themanini, akikataa mwache nacho.