Jibu: Utajuaje kama mnyoo bapa wako ni spishi mpya

Ndugu, umeuliza kama mnyoo wako wa milimita 1 kutoka mchanga wa bahari ni spishi mpya. Rangi, macho na umbo la nje havitoshi kabisa. Ushahidi uko kwenye viungo vya uzazi, hivyo mnyoo ambaye hajakomaa hafai. Tafuta aliyekomaa, na si mmoja tu.

Kuwatoa mchangani, walegeze kwanza: yeyusha gramu 75 za magnesiamu kloridi yenye maji ya fuwele katika lita 1 ya maji safi. Loweka mchanga dakika 10, tikisa, kisha mimina maji yake kwenye chujio lenye matundu ya mikromita 63. Warudishe upesi kwenye maji ya bahari.

Mchunguze akiwa hai. Muweke kwenye tone la maji chini ya kioo chembamba, kisha nyonya maji pembeni kwa karatasi ya chujio, kidogo kidogo. Ukiharakisha, anapasuka kabla hujaona kitu. Akibanwa vizuri, sindano ngumu ya kiungo cha kiume huonekana wazi: ipige picha kwa lenzi ya darubini inayokuza mara 100, yenye tone la mafuta, ipime kwa mikromita, uchore mkunjo wa ncha yake. Hapo ndipo spishi nyingi hutofautiana.

Wengine wahifadhi kwa mchanganyiko wa Bouin (dawa ya kuhifadhi tishu) kwa ajili ya kukatwa vipande vyembamba vya kutazama kwa darubini, na wengine kwa ethanoli ya asilimia 95 au zaidi kwa DNA (jeni za 18S na 28S, zinazotumika kulinganisha spishi). Usitumie formalini kwa hao wa DNA, huiharibu.

Kisha linganisha na maelezo ya awali ya kila spishi ya jenasi hiyo, hata ya zamani. Kielelezo kikuu, yaani mnyoo mmoja unaouchagua kuwakilisha jina la spishi mpya, kikae makumbusho.