Mtoto kamuuliza babu yake kama ni adui wa nchi

SWALI: Shangazi shikamoo. Mwanangu ana miaka tisa, juzi babu yake alikua anasikiliza taarifa ya habari akaguna kidogo tu, mtoto akamgeukia akamwambia "mwalimu kasema wanaopinga chama ni maadui wa nchi, babu na wewe ni adui?" Mzee hakujibu, akainuka akaenda kulala. Nikafungua daftari la mtoto nikakuta insha, "Kwa nini chama chetu ni bora", kapata 10 kwa 10. Nikienda kulalamika naogopa watamkomoa, nikinyamaza naona kabisa wananichukulia mtoto. Nifanyeje?
Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na mzee umpe pole yangu.

Tusichanganye mambo lakini. Mtoto kufundishwa bunge linafanya nini, kura inapigwaje, hata kuipenda nchi yake, hiyo ni shule na ni haki yake. Sasa hebu lisome tena lile swali la insha. Halimuulizi kama chama ni bora, limeshamwambia ni bora, yeye kazi yake kutafuta sababu. Mtoto anayeona vingine angepata ngapi? Kasumba ndo inapoingilia hapo, kwenye maksi, maana mtoto wa miaka tisa anachotaka ni vema ya mwalimu basi.

Na usidhani inakaa kwenye somo la uraia peke yake. Ujerumani ya Hitler, mwaka 1936 walitunga sheria ya kuingiza watoto kwenye umoja wa vijana wa chama, 1939 ikawa lazima kuanzia miaka 10, alafu kwenye vitabu vya hesabu wakawekewa maswali ya kupiga hesabu wagonjwa wa akili wanaigharimu serikali kiasi gani. Yaani mtoto anajua anajifunza kugawanya kumbe anazoeshwa kumuona binadamu mwenzie hasara. Mimi hili huwa linaninyima usingizi.

Hukohuko Ujerumani, upande wa magharibi, mwaka 1976 wataalamu wa elimu ya siasa walikutana Beutelsbach na kilichotoka pale mpaka leo walimu wao wanakifuata: mwalimu asimlemee mwanafunzi kwa msimamo wake, na jambo ambalo watu wazima wanabishana huko nje, darasani nalo lifundishwe kama jambo la ubishi. Marekani nako, 1943, tena vita imepamba moto, Mahakama ya Juu ilisema mtoto halazimishwi kusalimu bendera, baada ya watoto wa Mashahidi wa Yehova kufukuzwa shule kwa kukataa.

Kwahiyo nenda shule, ila usiende peke yako, tafuta wazazi wawili watatu wenye daftari kama hilo. Msimshambulie mwalimu, pengine na yeye kapewa swali kutoka juu na anaogopa kama wewe. Muulizeni tu aliyejibu tofauti anasahihishwa vipi. Na nyumbani usije ukamjaza mtoto maneno ya chama kingine, utakua umefanya kilekile.

Ila kabla ya shule anza na babu. Wakalishe wawili hao, mzee amwambie mjukuu wake mwenyewe siku ile aliguna kwa nini, na mtoto aachwe aulize mpaka achoke.