Maswali ya Wasomaji: Je, shule za Marekani zinaongoza kwa hisabati na sayansi?

SWALI: Mhariri, salamu. Binti yangu yuko Gredi ya 8 hapa Nairobi na anapenda mno sayansi. Mjomba wake anayeishi Texas anasisitiza nimpeleke huko, akidai kwamba nchi iliyofikisha watu mwezini haiwezi kushindwa kufundisha hisabati. Je, ni kweli?
Mama, Kasarani

JIBU: Mama, mjomba amechanganya vyuo vikuu na shule. Vyuo vikuu vya Marekani vinasifika kwa utafiti, lakini katika mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2022, wanafunzi wa Marekani wenye umri wa miaka 15 walipata alama 465 za hisabati, chini ya wastani wa 472 wa nchi za OECD (jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri). Katika sayansi walipata 499, ambapo wastani ulikuwa 485. Kwa hiyo si wabaya, ila hawaongozi.

Hata hivyo, wastani wa taifa hautakusaidia sana. Kule hakuna mtaala mmoja wa nchi nzima. Texas pekee ina zaidi ya wilaya 1,000 za shule, na sehemu kubwa ya fedha zake hutokana na kodi ya majumba na ardhi, hivyo penye nyumba za bei ghali kodi huingia kwa wingi zaidi. Serikali ya jimbo hujaribu kusawazisha, lakini bado utakuta shule yenye maabara kamili na masomo ya programu za kompyuta, na nyingine si mbali nayo inayohangaika kumpata mwalimu wa fizikia.

Mwulize mjomba jambo moja mahususi: katika shule anayoifikiria, aljebra huanza darasa la ngapi? Mwanafunzi anayeimaliza darasa la 8 hufika kalkulasi, yaani tawi la juu la hisabati, darasa la 12 bila kukimbizana. Anayeianza darasa la 9 kwa kawaida hulazimika kusoma masomo mawili ya hisabati kwa mwaka mmoja ili aifikie kalkulasi, na si kila shule huifundisha.

Kuna pia suala la viza, ambalo wajomba wengi hulisahau. Viza ya mwanafunzi ya F-1 haimruhusu mtoto kusoma katika shule ya msingi ya umma, na katika sekondari ya umma humruhusu kwa miezi isiyozidi 12, tena kwa kulipa gharama yote. Kabla ya kukata tiketi, zitembelee shule za hapa zenye mkondo wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) katika Gredi ya 10, na uombe kuonyeshwa maabara wakati wa somo.