Maswali na majibu: wanyama wa Kiingereza wanavyowaponza

Wiki hii inbox imejaa paka, mbwa na farasi. Mengine yanajirudia mpaka yanachosha, mengine mazuri kweli, nimechagua machache. Msimamo wangu mnaujua na sijaubadilisha: misemo ya wanyama ijue mingi kadri unavyoweza ili ukiambiwa uelewe, ila kuisema wewe mwenyewe nenda taratibu. Haya twende.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko la sita, English medium, mwalimu wake anataka composition yoyote yenye mvua ianze na "It was raining cats and dogs", asipoweka anakatwa maksi. Ndo inavyotakiwa? (Mama, Mbeya)

Marahaba mama. Haitakiwi, na ukipenda mwambie nimesema mimi.

Usemi wenyewe ni halali, maana yake mvua kubwa tu. Jonathan Swift aliuandika mwaka 1738, lakini aliuweka kwenye kitabu cha kuwacheka watu wa mjini ambao kila wakikaa kwenye chai maneno yao ni yaleyale yaliyochakaa. Yaani 1738 tayari ulikuwa wa kuchekwa, halafu 2020 na kitu huko Mbeya mtoto anakatwa maksi kwa kutouandika! Nenda London leo mvua ikishuka utasikia "it's pouring" au "it's chucking it down", cats and dogs utaisikia kwa nadra, tena mara nyingi mtu anatania.

Na tafadhali ile hadithi ya mapaa ya nyasi msimlishe mtoto, kwamba zamani Uingereza paka na mbwa walikuwa wanalala juu ya paa, mvua ikija wanateleza wanadondoka chini. Ilisambaa kwa barua pepe mwaka 1999, siku hizi iko TikTok na kinanda cha huzuni nyuma, na ni uongo. Mbwa afuate nini juu ya paa na mvua inanyesha? Asili ya usemi huo haijathibitishwa na yeyote, basi, muishie hapo.

Wenzetu Kenya waliusumbukia sana ugonjwa huu. Mtoto anaingia kwenye KCPE, mtihani wao wa kumaliza shule ya msingi, sentensi kashazipanga kichwani, cats and dogs, as fit as a fiddle, as poor as a church mouse, hata aulizwe kuhusu harusi ya shangazi yake lazima azipachike. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023, mtaala umebadilika, lakini sentensi zile naona zimevuka mpaka zimekuja kwetu. Mwanao aandike alichokisikia: "The rain was so loud on the roof that we could not hear the teacher." Shule ina bati, kila msomaji aliyewahi kukaa darasani chini ya bati ataisikia hiyo mvua.

Naomba PDF ya idioms zote za wanyama na maana zake. (Wengi, kila wiki)

Sina. Na ile mnayouziwa kwenye magrupu imekopiwa bure mahali, makosa yake yote yamo.

Mimi ni guide hapa Arusha. Mgeni Mmarekani aliniambia "hold your horses", nikajua anaulizia safari za farasi, nikampa bei. Kumbe alimaanisha nini?

Alimaanisha subiri kidogo, usiwe na haraka. Ni lugha ya watu wa magari ya farasi, shika hatamu wasiondoke. Wewe usimwambie mgeni hivyo, maana unaambiwa na mtu wa rika lako au anayekuzidi, ukimwambia anayekulipa inakuwa kama unamwambia tulia wewe. Sema "just a moment, please" inatosha.

Nyie wa porini kuna mingine lazima muijue. "I could eat a horse" ni njaa tu, mpe lunch box, usianze kumueleza kwamba Tanzania hatuli farasi. "Straight from the horse's mouth" ni habari kutoka kwa mhusika mwenyewe, imetokana na tetesi za mbio za farasi, watu wa kamari wanatafuta habari ya karibu kabisa na zizi. Halafu hii ndo isikilize vizuri: umezunguka na watu Serengeti kutwa nzima unamtafuta chui, hamjamuona, jioni kwenye gari mmoja anamwambia mwenzie "well, that was a wild goose chase". Hazungumzii bata bukini. Anasema mmezungushwa bure, na anakusema wewe, tena akijua unasikia. Hapo ongea nao, waeleze chui alionekana wapi asubuhi na kesho mtaanzia wapi. Ukicheka kwa kudhani ni utani wa ndege, tip imeondoka.

Mwalimu naomba unisahihishie barua yangu ya kuomba kazi ya mapokezi hotelini, Zanzibar. Nimeweka idioms waone Kiingereza changu kiko juu.

Binti alinitumia barua nzima, naichukua aya moja tu: "I am as busy as a bee and I always kill two birds with one stone. I will never be a white elephant. I promise to be the cash cow of your company."

Mwanangu, hapo kuna nyuki, ndege wawili, tembo na ng'ombe, na mpaka namaliza kusoma sijajua kama unaweza kupokea simu.

Nianze na ng'ombe maana ndo hatari. Cash cow ni lugha ya biashara, ilipata umaarufu kutokana na kampuni ya ushauri, Boston Consulting Group, miaka ya 1970, ni bidhaa au kitengo kinacholeta hela nyingi bila kudai matumizi makubwa. Mtu akijiita hivyo kwenye barua ya kazi anasema nikamueni mtakavyo. Waajiri wengine watafurahi, na hao ndo wa kuwakimbia.

White elephant umeitoa kwenye magazeti, najua, zile habari za miradi iliyokula mabilioni halafu mbuzi wanalala ndani. Tembo weupe Siam, ndo Thailand ya leo, walihesabiwa watukufu, hafanyishwi kazi na kumlisha lazima, kwa hiyo ni gharama isiyorudisha kitu. Ni ya jengo, ya mradi, ya mtambo. Halafu kwenye barua ya kazi kwanini ujitetee kwa kosa ambalo hujashtakiwa?

As busy as a bee ni mtu mwenye shughuli nyingi, kwenye barua inasikika kama huna nafasi. Na ndege wawili kwa jiwe moja ni sawa kwenye maongezi, hata Kiswahili siku hizi tunasema hivyohivyo, lakini kwenye barua meneja atauliza ndege gani. Futa yote. Mwenyewe uliniandikia chini kabisa, kama kitu kidogo, kwamba ulikaa mapokezi ya guest house ya mjomba miaka miwili ukiwa unapokea wageni na simu peke yako. Hiyo ndo barua! "For two years I worked at the reception of a small guest house, where I checked guests in and took phone bookings on my own." Tuma hiyo.

Kwanini Wazungu wanamwita Messi mbuzi? Kwetu ukimwita mtu mbuzi mnagombana.

Ni kifupi cha Greatest Of All Time, herufi zimeangukia kwenye goat. Mke wa Muhammad Ali alikisajili kama jina la kampuni ya mumewe mwaka 1992, wanamichezo na watu wa rap wakakichukua. Kwa hiyo wala si msemo wa mbuzi.

Msemo wenyewe wa mbuzi ni "it gets my goat", kitu kinanikera. Na "scapegoat", ambayo tunatafsiri mbuzi wa kafara, na hapo kuna kitu wengi hawakioni hata wanaoenda kanisani kila wiki. Soma Mambo ya Walawi 16. Mbuzi ni wawili. Mmoja anachinjwa, wa pili anabebeshwa dhambi za watu halafu anaachiwa aende zake jangwani. William Tyndale alipotafsiri sehemu hiyo ya Biblia kwa Kiingereza mwaka 1530 neno scapegoat alilitunga kwa huyu wa pili, aliyeondoka hai. Sisi kafara tunasikia kisu. Ndo maana kwenye Kiingereza cha ofisini scapegoat mara nyingi ni yule aliyefukuzwa kazi ili wengine wabaki wasafi, na sijui kama kuna ofisi isiyo na mmoja.

"Bear with me" ina uhusiano gani na dubu?

Hakuna. Ni kitenzi, nivumilie. Na mnaoandika "bare with me" acheni, bare ni uchi.

Niko Nairobi. Bosi wetu ni mgeni, alimgombeza mwenzetu kwa kuchelewa na yeye mwenyewe hachelewi kuchelewa, nikasema kwenye mkutano "the monkey does not see its own backside". Watu wakanyamaza kabisa. Nilikosea wapi?

Kaka, umemwita bosi nyani mbele ya watu na ukamtajia makalio juu yake, ulitaka wapige makofi?

Nyani haoni kundule kwetu ni methali, mtu akiisikia hamfikirii nyani, anafikiria maana. Mzungu anaisikia kwa mara ya kwanza, kwa hiyo anamuona nyani mzima. Na zaidi ya hapo, kwenye Kiingereza kumhusisha mtu na monkey kuna historia chafu ya ubaguzi, mpaka viwanjani mashabiki wanafungiwa kwa sababu hiyo, kwa hiyo neno hilo likae mbali na mtu yeyote hata kwa utani. "Monkey business" kwa maana ya ujanja ujanja inapita kwa sababu inasema jambo, haimsemi mtu.

Methali zetu kadhaa zimeingia Kiingereza vizuri tu. Wapiganapo tembo nyasi huumia utaikuta kwenye magazeti yao, "when elephants fight, it is the grass that suffers", wanaiita methali ya Afrika na wanaielewa bila mkalimani. Nyingine kwao kuna mnyama, kwetu hakuna: wao wanasema usihesabu vifaranga kabla mayai hayajaanguliwa, sisi usikate kanzu na mtoto hajazaliwa. Wao ndege mmoja mkononi, sisi moja shika si kumi nenda uje. Machozi ya mamba hayo ni yaleyale. Ukitaka kutafsiri methali, mjaribie rafiki kwanza, usianzie kwenye mkutano na bosi.

Mimi ni wa Mombasa, nafanya kazi Minneapolis. Nimepata shift nzuri, mwenzangu Mmarekani akanambia "you lucky dog". Nimemnunia wiki ya pili sasa.

Mnunulie kahawa yaishe. Kakupongeza, una bahati wewe. Pwani mbwa ni tusi tena zito, naelewa ulivyojisikia, lakini Waingereza na Wamarekani mbwa wanalala nao kitandani. "Underdog" ni anayedharauliwa kabla ya mechi, na watu wanamshangilia, "top dog" ni mkubwa wa kazi. Wewe usiige tu, maana jike lake ukilitamka kwa Kiingereza ukidhani ni neno la daktari wa mifugo, hiyo shift unaipoteza.

Mimi ni muuguzi Tanga, najiandaa na IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, niende Uingereza. Kwenye Speaking niweke idioms ngapi nipate 7?

Hakuna idadi dada, anayekupa idadi anakudanganya. Vigezo vya band 7 kweli vinataja msamiati usio wa kawaida na wa kiidiomu, ndo maana vituo vya tuition vinawapakia wanyama kichwani. Lakini mtihani wenyewe ni dakika 11 mpaka 14 na anayekusikiliza anajua mara moja kilichokaririwa. Umeulizwa kuhusu mji wenu, ghafla "let's not let the cat out of the bag", yaani tusitoe siri, paka katokea wapi? Kwenye Writing ndo usiziguse kabisa, baraza linalosajili wauguzi kule, NMC, linataka 6.5 ya Writing na 7 kwenye mengine matatu, na 6.5 hiyo watu wanaikosa kwa sarufi na mpangilio, wala si kwa kukosa paka.

Wewe unahitaji misemo kwa ajili ya wodini, na hiyo hawakufundishi. Mgonjwa akisema "I've got a frog in my throat" sauti imekwama, anakohoa kidogo inafunguka. Akisema "I'm a bit hoarse" sauti imekauka, usisikie farasi, matamshi ni yaleyale. "Butterflies in my stomach" ni tumbo joto, labda anaogopa upasuaji, usimuandikie dawa ya minyoo. Mmarekani akikwambia "charley horse" ni msuli wa mguu umekakamaa. "I went cold turkey" kaacha sigara au pombe au dawa kwa mkupuo, hiyo mwambie daktari haraka, maana pombe kwa mnywaji wa muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege. "The black dog" ni sonona, watu wa umri mkubwa wanaitumia kwa sababu ya Churchill, waziri mkuu wao wa zamani, aliyeiita huzuni yake hivyo, usiipite kama habari ya mbwa wa nyumbani.

Na mzee akilazwa saa tatu asubuhi, anatetemeka mikono, ukimuuliza kala nini anakwambia "just a hair of the dog", huyo kazimua. Zamani waliamini mbwa akikung'ata, unyoya wake ukiwekwa kwenye kidonda kinapona, kwa hiyo pombe ya jana inatibiwa na pombe ya leo. Usiandike kwenye faili kwamba kaumwa na mbwa ukamuanzishia sindano za kichaa. Muulize kanywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na huwa anaanza saa hizo kila siku?