Kuishi na watoto sita wa watu: ni makao au malezi ya kambo?

Dada, nimekuelewa: unaishi na watoto sita wasio wako, afisa ustawi kakwambia unaendesha makao bila leseni, jirani anasema umewaasili. Hujawaasili. Kuasili huja kwa amri ya mahakama, na mtoto anakuwa wako kisheria moja kwa moja. Malezi ya kambo ni kukabidhiwa mtoto kupitia ustawi wa jamii, naye anabaki na wazazi wake kisheria. Makao ya watoto ni kituo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kiwe na leseni. Kukiendesha bila leseni ni kosa.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa si kibali, hata iwe na mhuri mkubwa namna gani.

Nenda ustawi wa jamii halmashauri kabla hawajakufuata. Beba vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, na karatasi inayoonyesha kila mtoto alifikaje kwako na ndugu zake wako wapi. Uliza wazi: nani abaki kwangu kwa malezi ya kambo, nani arudi kwa ndugu?

Michango ya mitandaoni kwa picha za watoto, simamisha leo. Ukipewa wito wa polisi, tafuta wakili au msaada wa kisheria kwanza.