Asipoonekana, Nani Atamuuliza?

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa: ni kitu gani kinachomsaidia zaidi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kuzoea chuo akiwa mbali na kwao? Mkatupa na mifano mitatu ya kuanzia: kupiga simu nyumbani kila siku, kupanga matumizi ya fedha, na kumcha Mungu. Huo wa tatu sina ubishi nao. Wa pili mtaletewa majibu mengi na watu wanaojua hesabu kuliko mimi. Nataka kuupinga huo wa kwanza, maana mimi nilipiga simu nyumbani kila jioni, muhula mzima, na simu hizo hazikumjulisha mtu yeyote siku nilipolala na homa chumbani.

Jibu langu ni kwamba mgeni atafute mahali ambapo asipoonekana ataulizwa. Iwe kibanda cha chai, kikundi cha majadiliano, kwaya, darsa la msikitini au timu ya netiboli, nitakubali. Ila pawepo.

Mimi ni binti wa Newala, mkoa wa Mtwara, niko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Ushirika hapa Moshi. Anayeijua barabara ataelewa. Kutoka kwetu hadi Dar ni siku nzima ya basi. Unalala kwa ndugu, alfajiri unadamkia stendi ya Magufuli pale Mbezi, unakaa tena kitini, Chalinze, Korogwe, Same, mpaka jua linageuka. Ukishuka Moshi miguu imevimba na umeshaivuka nusu ya nchi. Kwenda nyumbani wikiendi na kurudi na debe la unga ni mambo ya wenzangu wa Same na Hai.

Mlima sitausema, kila anayeandika kuhusu Moshi anaanza nao. Nitasema la baridi tu, kwa faida ya wazazi wanaofungasha mizigo sasa hivi. Nyumbani walinitia hofu, nikaja na mablanketi na sweta zito la kaka yangu. Novemba Moshi mjini ni jasho, na Januari na Februari ni jasho zaidi. Baridi yenyewe ilikuja Juni, mawingu yakashuka yakakaa, na wakati huo sweta nilikuwa nimeshamgawia mtu.

Sasa turudi kwenye kujulikana. Newala mimi ni mtoto wa fulani. Nikitumwa dukani nikasimama kuongea na mtu, habari inafika nyumbani kabla yangu. Nilipokuwa kidato cha sita nilichoka nayo hali hiyo, nikawa naomba Mungu nipangiwe chuo cha mbali. Nikapangiwa. Na wiki za mwanzo, tusidanganyane, ni raha. Unakula unapotaka, unarudi chumbani unapotaka, hakuna anayekuuliza ulikuwa na nani. Nilipanga chumba na dada mmoja wa Bukoba, mtu mpole, ana ratiba yake na mimi yangu, tunaonana usiku. Darasani tuko wengi kiasi kwamba mtu akikaa kimya miezi miwili hakuna atakayejua sauti yake ikoje. Mimi nilikaa.

Kilichonizindua ni Desemba. Wasioifahamu Kilimanjaro ya Desemba niwaambie: nchi nzima inamrudisha Mchaga kwao. Mabasi yanayopanda kaskazini yanajaa pomoni, magari madogo yanafuatana barabarani, na soko la Mbuyuni linakuwa la kupita kwa kusukumana. Watu wanapanda vijijini, Rombo, Marangu, Kibosho, Machame, mbuzi wanachinjwa, ukoo unahesabiana. Chuo kilifunga kwa mapumziko mafupi. Kwenda Newala na kurudi kungekula siku zote za likizo pamoja na fedha yote ya kujikimu. Nikabaki. Mwenzangu alikwenda kwa shangazi yake Arusha. Mama mwenye nyumba akapanda Kibosho na wanawe, akaniachia ufunguo wa geti na maagizo kuhusu kuku.

Mimi Mwislamu, Krismasi si sikukuu yangu, kwa hiyo sikuwa naionea wivu sherehe. Nilichokionea wivu ni maswali. Pale sokoni, kila hatua mbili, watu wazima wanashikana mikono na kuulizana: wewe si mtoto wa fulani? Umekuja lini? Mbona umekonda? Mwaka jana hatukukuona, ulikuwa wapi? Mambo yale yale niliyoyakimbia kwetu. Nilinunua ndizi zangu na dagaa, muuzaji akanihesabia chenji, nikaondoka bila mtu kuniuliza chochote. Jioni nikampigia mama. Nimekula, nimeshiba, huku kuzuri. Tukaagana.

Nikasema Desemba nyingine isinikute hivyo, ingawa sikujua nifanye nini. Jibu lililetwa na asaimenti, si na akili yangu.

Januari tulipewa kazi ya kikundi kuhusu mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa mkulima kupeleka mazao ghalani na kuandikiwa hati kabla hayajauzwa. Kikundi kilikuwa na mtu wa Kagera, wa Singida, kijana mmoja wa Dar, na wawili wa hapa hapa Kilimanjaro. Mpaka siku hiyo mchango wangu ulikuwa kuandika majina yetu kwenye ukurasa wa mbele kwa mwandiko mzuri. Kiingereza cha kusoma ninacho. Cha kuongea kinanikimbia watu wakinitazama. Basi wamekaa kwenye kimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje, wanasoma madesa, yaani nukuu za masomo, kwa sauti, wakakwama: huyu mkulima anapataje fedha wakati korosho zake zimeshaondoka na bado hazijauzwa? Wanabishana. Mimi nikacheka. Yule wa Dar akasema, we dada unacheka nini, si useme.

Nikasema, kwa Kiswahili. Korosho ukishaokota unazianika, unazichambua, unazijaza kwenye magunia unazipeleka AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Zinapimwa, zinapewa daraja, la kwanza au la pili, na hapo ndipo nyuso zinapokunjamana, maana daraja ni fedha. Zinasafirishwa hadi ghala kuu, stakabadhi inaandikwa. Chama kikuu, kwetu ni TANECU, kinaziingiza mnadani, wanunuzi wanaleta bei zao, na bei zinasomwa mbele ya wakulima. Wakiridhika wanauza. Wasiporidhika wanakataa. Zikiuzwa, fedha inapita benki, makato yanatolewa, na baba yangu anapata ujumbe kwenye simu, ambao anaupeleka kwa mtoto aliye karibu amsomee kwa sababu miwani yake huwa haionekani siku hiyo. Mfumo huo ulianza Mtwara msimu wa 2007/2008. Mimi ada yangu yote imepitia humo.

Nikawaeleza na ya mwaka 2018, wakulima walipozigomea bei za mnadani. Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litasomba, na malori ya jeshi yakaja kweli. Tulikuwa watoto wa shule, tulisimama kando ya barabara tukiyahesabu.

Wale wawili wa Kilimanjaro ndio walionishangaza. Mji wao ndio wenye historia: wakulima wa kahawa waliungana mwaka 1925, na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, ikaanzishwa 1933, na jengo lake lipo mjini mpaka leo tunalipita tukienda kutoa fotokopi. Chuo chetu chenyewe kilianza 1963 kama Chuo cha Ushirika kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Babu zao walisomesha kwa kahawa. Lakini wao wenyewe hawakuwahi kukaa mnadani wala kupanga foleni ya mzani. Kahawa kwao ni hadithi ya babu, na kihamba, yaani shamba la ukoo, wanachokijua wao ni cha migomba. Tangu siku hiyo nikapewa jina la Korosho na sehemu ya kati ya kazi ikawa yangu. Yule wa Dar alikuwa anayageuza maneno yangu kuwa Kiingereza, mimi namkatalia, si hivyo, anageuza upya. Kumbe na mimi nilikuwa najifunza kusema.

Halafu nikaumwa. Ilikuwa wikiendi, mwenzangu yuko Arusha tena. Homa, kichwa, siwezi kusimama. Jioni nikampigia mama kama kawaida. Nimekula, nimeshiba, nasoma. Sikutaka kumdanganya, lakini mama aliye Newala ukimwambia mwanao anaumwa Moshi, usiku ule atafanya nini zaidi ya kulia? Kila mwanafunzi wa mbali anayo hiyo lugha ya simuni. Ninyi wazazi mnaoandika kwamba mnawapigia watoto kila siku, mnafanya vyema, msiache. Ila mjue mnachosikia ni kile ambacho mtoto ameamua msikie.

Walionitafuta ni kikundi. Walikuja na hasira. Jumatatu ilikuwa siku ya kuwasilisha na slaidi za katikati ziko kwangu, simu imezima. Nikasikia mlango unagongwa: "Wewe Korosho, slaidi ziko wapi?" Hiyo ndiyo pole yangu ya kwanza. Walipoingia wakaona hali, yule dada wa Singida akachukua kanga akanifunika, kijana wa Dar akaita bajaji, tukaenda hospitali ya Mawenzi. Nilipimwa, nikapewa dawa, nikarudi. Slaidi walizitoa wenyewe kwenye kompyuta yangu wakati nimelala.

Nimeambiwa niseme walikuja kwa upendo. Hapana, walikuja kwa slaidi, na ndiyo maana naisimulia. Upendo kwa mgeni huchelewa, na si haki kuudai kwa watu waliokujua juzi. Lakini mtu mwenye kazi mkononi, kazi inayowahusu wengine, hawezi kupotea siku mbili watu wakanyamaza. Kwa hiyo kwa fresha, yaani wa mwaka wa kwanza, aliye mkimya kama mimi sitasema "jichanganye", neno wanalolipenda sana watu wasio wakimya. Nitasema chukua jukumu dogo. Tunza daftari la mahudhurio. Kuwa wewe unayekwenda kutoa kopi za madesa. Pika zamu yako. Utatafutwa.

Na kwa asiyetaka kikundi kabisa, ipo njia ya pili, ya kula sehemu moja. Wenzangu walikuwa wanahamahama kufuata chapati ya bei pungufu. Mimi nilishikamana na mama mmoja karibu na nilipopanga, chai ya tangawizi, chapati na maharage, kila asubuhi, benchi lile lile. Miezi ilipita tunasalimiana tu. Siku moja baada ya homa ile akanikazia macho, "Mwanangu, juzi hukuja. Wala jana." Nikamwambia niliumwa. Akagomba kwelikweli, kwa nini sikumtuma mtoto amwambie, yeye ana mtori nyumbani unamwagika na mimi nalala na njaa ukutani kwake. Nilisimama pale nikigombezwa mbele ya wateja, na sijui kama nimewahi kufurahia kugombezwa namna ile.

Kuna upande mwingine sitaki kuuficha, hasa kwa mabinti. Wapo watakaokuuliza kupita kiasi. Mwanaume anayekulipia kodi ya chumba ataijua ratiba yako kuliko kiongozi wa darasa, na ataiuliza kila saa. Bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, na huwa linachelewa wakati kodi haichelewi, watu wa namna hiyo hujua pa kusimama. Mmoja wa darasa letu alikuwa na mtu wa kumuuliza "uko wapi" asubuhi, mchana na jioni. Alikamata sapu, mtihani wa marudio, akakaribia kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, na sisi wengine tulikuwa hata hatumwoni. Anayekuuliza awe mtu ambaye unaweza kumjibu vibaya na kesho ukanywa chai kwake.

Wazazi mniruhusu niwaombe kitu kimoja. Mtoto akifika chuoni, baada ya kumuuliza amekula nini, mwombeni namba ya mtu mwingine wa hapo alipo, jirani, mwenzake wa kikundi, muuza chai, mama mwenye nyumba. Kama hana hata mmoja, basi hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi, hata kama sauti yake ni ya furaha. Mama yangu aliichukua namba ya mama wa chapati. Tangu hapo wanapigiana bila kunitaarifu. Msimu uliopita nilisikia kibandani, kabla sijaambiwa na mtu wa kwetu, kwamba korosho za baba zimepata daraja la kwanza, na kwamba mimi, eti, nimeanza kulala saa sita.